Mtandao wa Kericho hukatika saa ya chai, na mwizi yuko jikoni

Juma lililopita nilirudi Mombasa kutoka Kericho, nilikokwenda kumtazama mpwa wangu aliyeoa huko. Nilitarajia kurudi na majani ya chai na habari za mvua. Nimerudi na jambo linalotuhusu sisi wa Pwani kama linavyowahusu wao, na nimeona si vyema kulinyamazia.

Mpwa wangu anafanya kazi katika ofisi moja ndogo mjini Kericho. Wamo vijana kumi na wawili, wote wanategemea intaneti. Wengine huandika maneno yaliyorekodiwa, wengine hupokea simu za wateja wa kampuni za ng'ambo kupitia mtandao. Hawana mshahara wa mwezi. Kila kazi ina bei yake, na simu ikikatika katikati, kompyuta humhesabia kosa aliyeipokea. Makosa yakizidi kiwango, unapewa onyo. Ukipata maonyo matatu, unakwenda nyumbani.

Siku niliyofika nilimkuta binti mmoja ameketi kwenye ngazi, macho mekundu. Mama yake alichuma chai kwenye mashamba makubwa tangu ujana wake, mpaka mashine zilipoingia na vibarua wakapunguzwa. Sasa kapu la mama limetundikwa ukutani, na nyumba ya watu sita inaangalia kipato cha huyu binti. Asubuhi hiyo alikuwa amepewa onyo la pili. Msimamizi alimwambia anafanya mzaha na kazi, kwa kuwa simu zake hukatika kuliko za wenzake.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "wewe ni fundi wa redio. Hebu tutazamie."

Kweli, nimetengeneza redio na runinga hapa Majengo kwa zaidi ya miaka thelathini. Jambo la kwanza nililouliza ni saa. Simu hukatika saa ngapi? Hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo, ingawa jibu lilikuwemo ndani ya kompyuta, maana kila kosa limeandikwa na dakika yake. Tulipoyapanga, mengi yaliangukia mahali pawili: saa nne asubuhi, na kati ya saa saba na saa nane mchana.

Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Msimamizi alimlaumu binti. Vijana waliilaumu kampuni ya intaneti. Mlinzi aliulaumu mnara mpya wa simu ulioko kilimani. Mwingine akasema ni mvua, maana Kericho hainyimwi mvua. Lakini mvua haishiki saa, na mnara hauendi mapumziko ya chai. Saa nne na saa saba ni saa za tumbo. Nikauliza jiko liko wapi.

Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, kiasi cha mita moja kutoka meza ya yule binti. Juu ya kabati palikuwa na maikrowevu ya mitumba, mlango wake umelegea bawaba moja. Tulitia kikombe cha maji ndani, tukaiwasha dakika mbili, na mpwa wangu akatazama kompyuta ya binti. Ujumbe wa majaribio uliokuwa ukienda na kurudi kwa utulivu ulianza kuchelewa, mwingine haukurudi kabisa. Maikrowevu ikalia, ikazima, na mtandao ukatulia. Tukarudia mara tatu na mambo yakawa yale yale. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, ndugu msomaji, nieleze kwa nini, maana bila kuelewa tutaendelea kuwalaumu wasiohusika.

Maikrowevu ni mtambo wa redio uliofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Moyo wake unaitwa magnetroni, kifaa kilichokuzwa kwa ajili ya rada za Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, alipata wazo la kupikia kwa mawimbi hayo, na mwaka 1947 kampuni hiyo ikatoa tanuri la kwanza la kuuzwa, kubwa kama kabati la nguo. Leo dude hilo limekuwa dogo la kubebwa mkononi, lakini kazi ni ile ile: linatoa mawimbi ya redio yenye nguvu ya wati 700 hadi 1,000 hivi, kwenye masafa ya takriban gigahezi 2.45.

Waifai nayo, ile ya kawaida iliyoenea zaidi, huzungumza kati ya gigahezi 2.4 na 2.5. Yaani wawili hawa wanakaa chumba kimoja. Mmoja ananong'ona, mwingine anapiga ngoma.

Tupige hesabu. Rauta ya waifai hutoa nguvu ya takriban wati 0.1. Ikifika kwenye kompyuta upande wa pili wa chumba, imebaki kitu kama sehemu moja ya bilioni ya wati. Maikrowevu ya wati 1,000 ikivujisha sehemu moja tu kwa elfu kumi ya nguvu yake, hiyo ni wati 0.1, sawa na rauta nzima. Na kama yule binti yuko mita moja kutoka jikoni na mita kumi kutoka kwenye rauta, kompyuta yake itasikia jiko kuliko itakavyosikia rauta. Wenzake waliokaa karibu na rauta waliponea. Hapo ndipo palipokuwa "mzaha" wake.

Mtandao haukufa moja kwa moja kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Maikrowevu nyingi za kawaida hunguruma nusu ya kila mzunguko na kunyamaza nusu nyingine, mara 50 kwa sekunde. Katika vipindi hivyo vya kimya, waifai hupenyeza maneno mawili matatu. Zaidi ya hayo, waifai ina adabu: husikiliza kwanza, ikisikia kelele husubiri. Ukisoma barua pepe hutagundua kitu. Ukizungumza na mteja wa ng'ambo, sauti inakatikakatika mpaka anakata simu.

Hata mabingwa wameingia mtego huu. Kwenye darubini ya redio ya Parkes, Australia, yenye sahani ya mita 64, wanasayansi walisumbuliwa na ishara za ajabu ambazo rekodi zake zinarudi nyuma hadi mwaka 1998. Mwaka 2015 waligundua chanzo: maikrowevu ya pale pale kituoni, pale mtu mwenye njaa anapofungua mlango kabla haijamaliza. Kama watu wanaosikiliza nyota walihangaishwa na jiko lao wenyewe, kijana wa Kericho asionekane mjinga.

Swali linalofuata ni la haki: je, huwezi kushtaki? Jibu ni hapana, na hapa ndipo siasa inapoingia.

Mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, dunia ilitenga baadhi ya masafa kwa ajili ya mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, mitambo inayotumia mawimbi bila kuwasiliana na mtu. Ukanda wa gigahezi 2.4 hadi 2.5 ni mmojawapo. Kanuni za redio za shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, zinasema hadi leo kwamba huduma yoyote ya mawasiliano inayofanya kazi kwenye ukanda huo ni lazima ivumilie usumbufu wa mitambo hiyo. Maikrowevu ndiye mwenye nyumba. Waifai ilikuja baadaye, kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997, ikaingia kama mpangaji asiyelipa kodi. Haihitaji leseni ya masafa, na ndiyo maana ni rahisi. Lakini asiyelipa kodi hana mkataba wa kumlinda.

Kwetu Kenya, kampuni ya simu inayotumia masafa ya leseni ikiingiliwa, inayo haki ya kwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kudai kulindwa. Anayetumia waifai ya ukanda wa bure hana ulinzi huo. Na maikrowevu yenyewe si kifaa cha mawasiliano, kwa hiyo ubora wake ni jukumu la shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS. Jambo moja, ofisi mbili, na katikati yake binti mwenye onyo la pili.

Lisingekuwa jambo kubwa kama intaneti ingekuwa ya kutazamia mpira tu. Sivyo tena. Mwezi Mei 2023 waandamanaji walichoma moto mashine za kuchumia majani katika mashamba ya Kericho, kwa uchungu wa kazi zilizopotea. Tangu mwaka 2016 serikali imekuwa ikiwaambia vijana, kupitia mpango wa Ajira Digital, kwamba riziki iko mtandaoni. Serikali hii ya sasa ikaahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma na vituo vya kidijitali katika kila wadi, wadi 1,450 nchi nzima. Mtoto wa mchuma chai ameambiwa aache kapu, ashike kompyuta. Amekubali. Basi mtandao aliopewa ndio shamba lake jipya, na shamba hilo limewekwa kwenye ardhi isiyo na hati.

Sisi wa Mombasa hatuko mbali na hilo. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia kwetu mwaka 1969. Tulizoea kuwaona wanunuzi wakikutana chumba kimoja, wakipaza sauti. Korona ilipokuja mwaka 2020, mnada ukahamia kwenye kompyuta. Leo chai inayotoka Kericho na Bomet hunadiwa kwa mtandao, na wafanyakazi wa madalali na maghala ya hapa kwetu wanaishi kwa mawimbi yale yale.

Kutoka Kericho tulikwenda Bomet, upande wa Mogogosiek, kuwasalimia wakwe wa mpwa wangu. Tulipokelewa vizuri, mursik na ugali moto. Mama mkwe aliposikia habari za maikrowevu, aliniuliza swali ambalo nimeulizwa pia Kisauni na Likoni.

"Mzee, niambie ukweli. Hii kitu inaleta kansa? Binti yangu aliniletea moja, nimeifunika na kitambaa, naogopa wajukuu."

Nilimjibu hivi, nawe msomaji nakujibu hivyo hivyo. Mawimbi ya maikrowevu si kama miale ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za uhai. Kazi yake ni kupasha joto. Yakivuja mengi, hatari ni kuungua, na macho ndiyo ya kuyaangalia zaidi. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vinasema kwamba umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye tanuri, mawimbi yanayovuja yasizidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba. Ukirudi nyuma hatua moja mbili, hupungua upesi sana. Tanuri linaweza kuwa salama kabisa kwa mwili wako na bado likaharibu simu yako ya waifai. Ni mambo mawili tofauti, na watu wanayachanganya. Ndiyo maana wako wanaouziwa vibandiko vya "kuzuia miale" vya kubandika kwenye mlango. Usipoteze pesa zako.

Kinga ya kweli imo ndani ya mlango wenyewe. Urefu wa wimbi la gigahezi 2.45 ni takriban sentimita 12. Ule wavu wa chuma unaouona kwenye kioo una matundu madogo ya milimita moja au mbili, kwa hiyo mwanga hupita nawe ukaona chakula, lakini wimbi halipiti. Pembeni mwa mlango kuna mfereji uliopimwa kwa robo ya urefu wa wimbi, kama sentimita 3, unaolirudisha wimbi ndani hata kama chuma hakikugusana na chuma. Kuna pia swichi za mlango zinazokata nguvu mara mlango unapofunguliwa.

Mlango ukipinda, bawaba ikilegea, uchafu wa mafuta ukijaa kwenye ukingo, au kutu ikila chuma, kinga hiyo inapungua. Hapa Pwani tuna adui wa ziada: chumvi ya bahari. Nimeziona maikrowevu za Nyali na Mtwapa zilizoliwa na kutu kwenye ukingo wa mlango ilhali kwa nje bado zinang'aa. Nyingi ni za mitumba, wenyewe huziita eksi-UK, zinashushwa Kilindini na kusambaa hadi Kericho. Ile ya ofisini kwa mpwa wangu huenda ilipita bandari yetu kabla ya kupanda mlima.

Na tahadhari kwa mafundi wenzangu. Nimeona kazi ambapo swichi ya mlango imeharibika, fundi akaiunganisha kwa waya ili tanuri liwake tu. Hiyo ni kumfungulia mtu moto usoni. Pia ndani mna kapasita inayobeba maelfu ya volti, na inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Asiyeijua asiifungue.

Wengine watakwambia upime uvujaji kwa kutia simu ndani ya maikrowevu iliyozimwa kisha uipigie. Ikilia, eti tanuri ni bovu. Si kweli. Simu hutumia masafa mengine na huridhika na mawimbi hafifu mno, kwa hiyo italia mara nyingi hata ndani ya tanuri zima. Kipimo sahihi ni kifaa maalumu cha kupimia uvujaji, na macho yako: tazama mlango, bawaba na ukingo.

Tufanye nini basi? Kwa ofisi na nyumba, dawa ni rahisi. Sogeza maikrowevu mbali na meza za kazi, na isiwe kati ya rauta na kompyuta. Kompyuta isiyotembea iunganishe kwa waya. Waya haujui jiko. Rauta yenye ukanda wa gigahezi 5 itakuepusha kabisa, maana maikrowevu haifiki huko, ila ujue mawimbi hayo hayaendi mbali na hayapendi kuta nene wala mabati. Ukibaki kwenye 2.4, jaribu chaneli ya 1, maana kelele za tanuri mara nyingi huwa kali zaidi kuanzia katikati ya ukanda kwenda juu.

Kwa wanaotumia pesa za umma, nina matatu. La kwanza, rauta yoyote inayonunuliwa kwa kituo cha wadi, Bomet au Kilifi, iwe ya kanda mbili, na mchoro wa chumba uonyeshe jiko liko wapi. La pili, maikrowevu za mitumba zipimwe mlango kabla ya kuuzwa. Kifaa cha kupimia si ghali kuliko afya ya mteja. La tatu, Mamlaka ya Mawasiliano na KEBS zikae meza moja ziwaeleze wananchi kwa Kiswahili kwamba waifai ya bure haina ulinzi, na kila ofisi iseme mlalamikaji aanzie wapi.

Na kwa waajiri nina moja. Kabla ya kumpa mtu onyo, uliza saa. Kompyuta inayohesabu makosa ya kijana inaweza pia kuonyesha kwamba makosa hayo hutokea wakati wa chakula. Kutazama upande mmoja wa kitabu si hesabu.

Tulipoondoka Kericho, ile maikrowevu ilikuwa imehamishiwa chumba cha mlinzi upande wa pili wa jengo, na bawaba imekazwa. Juzi mpwa wangu amenipigia. Simu za yule binti hazikatiki tena. Anafanya kazi kama wenzake, na pengine kuwashinda. Nikauliza kuhusu lile onyo la pili.

"Bado liko kwenye faili, Mjomba," akasema. "Wanasema kilichoandikwa kimeandikwa."